Saumu za Kulipa

Damu ya mwezi iliponikatika nikiwa na miaka hamsini na moja, sikuhuzunika wala sikufurahi. Nilikaa kwenye kiti changu dukani, Migori mjini, nikapiga hesabu. Wanawake wenzangu husimulia kipindi hicho kama msiba: joto linapanda shingoni, jasho linamwagika, usingizi unapaa, hasira hazina sababu. Mimi pia nilikuwa nayo hayo yote, lakini niliishi nayo kama mtu anayekaa nyumba moja na mpangaji asiyesemezana naye. Kilichonijia akilini ni kimoja tu. Sasa hakuna kitakachonikatiza, na ninaweza kufunga miezi mfululizo mpaka nimalize deni langu.

Kwa asiyejua, mwanamke wa Kiislamu hafungi akiwa katika siku zake, wala katika arobaini ya uzazi. Mwenye mimba au anayenyonyesha akihofia mtoto, naye hula. Lakini siku hizo hazisamehewi. Huwekwa, na siku moja hulipwa kwa kufunga nje ya Ramadhani. Wenye bidii hulipa kila mwaka. Mimi nilikuwa na duka, nikawa na mume, kisha nikawa mjane mwenye duka, na kila mwaka nilisema mwaka ujao. Nilipopiga hesabu siku ile, zilitimia mia mbili hamsini na tatu. Idadi hiyo niliijua kichwani kama ninavyojua bei ya kila leso niliyotundika.

Huenda mtu akauliza haraka ya nini. Haraka niliipata kwa mama yangu. Yeye na baba walitoka Pwani na robota mbili za nguo, wakaja kufungua duka Migori kabla sijazaliwa, na wote wawili wamezikwa huku. Mama alikufa na saumu arobaini na moja. Katika madhehebu yetu, mtu akifa na deni hilo, mwanawe anaweza kumfungia. Nilimfungia mimi, siku arobaini na moja, na kila magharibi nilipotia tende kinywani nilihisi kuna mtu nimemfungulia mlango. Ni hisia ninayoikumbuka vizuri kwa sababu baada yake sikuwa na nyingi.

Na mimi ninaye mtoto mmoja, wa kike. Huyo alimpenda mwalimu Msabato, akamfuata Sindo, na mwaka uliofuata akabatizwa ziwani. Mteja mmoja aliniletea picha kwenye simu. Mwanangu amevaa joho jeupe, maji yamemfika kiunoni, anacheka. Nikaitazama, nikamrudishia mwenye simu simu yake, nikaendelea kumpimia kitambaa. Sikulia wala sikumlaani. Watu wa msikitini walikuja kunipa pole kana kwamba nimefiwa, na nikawapa chai. Walipoondoka niliosha vikombe. Ndani yangu palikuwa na ganzi kama ya mguu ulioukalia muda mrefu, ila mguu huo ulikuwa mimi mzima.

Lakini hesabu niliielewa. Asiyefunga hawezi kumfungia mtu. Nikifa na deni, hakuna wa kunilipia, basi nitalipa mwenyewe nikiwa hai. Dawa ya deni kulipa.

Nilianza Mfunguo Mosi, siku ya pili tu baada ya Idi, watu wakiwa bado wanakula maandazi ya sikukuu. Nilifunga kila siku, isipokuwa zile siku nne za Idi ya kuchinja ambazo ni haramu kufunga. Daku niliiacha. Niliona ni usumbufu kuamka alfajiri kula peke yangu, na zaidi ya hayo kulikuwa na jambo la pili. Katika zahanati nilikopimwa kabla ya Ramadhani, muuguzi aliniambia sukari yangu iko mpakani, presha imepanda, na mafuta kwenye damu ni mengi. "Mama, punguza mwili," alisema. Tangu damu ikome, unene wangu ulikuwa umehama mapajani ukaja kukaa tumboni, na madera yangu yote yalikuwa yananibana kifuani. Nikasema vizuri, saumu italipa deni la Mungu na la muuguzi pia. Nilijiona mjanja.

Kwa hiyo nilikuwa nakula mara moja kwa siku, magharibi. Na jinsi nilivyokula ningeona aibu kuisema, lakini daktari alinilazimisha kuisema baadaye, basi nimezoea. Tende tatu, uji wa pilipili manga, kisha sambusa, bajia, muhogo wa nazi, nazi ikipatikana, na samaki wa kukaanga aliyeogelea kwenye mafuta kuliko alivyoogelea ziwani. Nilikula haraka, nikiwa nimesimama, hadi nihisi mzigo. Kisha sikutia kitu kinywani hadi magharibi nyingine.

Mwili ulipungua kwa kasi. Miezi miwili haikutimia, na shingo yangu ilikuwa imetoka. Mimi nilifurahi, au ningefurahi kama ningeweza. Majirani hawakufurahi. Mji wetu umezika watu wengi waliokonda kwanza, na mwanamke akipungua ghafla hakuna anayefikiria muuguzi na mizani. Mama auzaye omena, dagaa wa ziwani, mbele ya duka langu, Mjaluo mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alivumilia wiki chache, kisha akaingia akaketi bila kukaribishwa.

"Nyaminwa," alisema, yaani dada yangu, "hii mwili imeenda wapi?"

"Nafunga."

"Ramadhan si iliisha?"

"Nalipa za zamani."

"Sasa Mungu wenu hawezi andika hiyo kitu pole pole? Juu hapa watu wameanza kuuliza kama unameza dawa."

"Waache waulize."

"Mimi nimewaambia ni ulcers," alisema akiinuka. "Ulcers haina aibu."

Nilimshukuru, na nilikuwa na sababu. Kwa sababu maumivu yalikuwa yameanza, na sasa nilikuwa na jina la kuyapa.

Yalikuja baada ya futari. Chini ya mbavu za kulia, kama mtu amenishika kwa mkono na hana haraka ya kuachia, kisha yakapita hadi mgongoni na kupanda kwenye bega. Nusu saa, saa moja, mara nyingine saa tatu. Nilitapika. Kisha yaliondoka, na nikawa mzima kabisa, nikafagia. Nilinunua dawa ya vidonda vya tumbo kwenye duka la dawa, ile nyeupe kama chokaa, nikaongeza mwarobaini, nikaongeza habasoda. Mficha maradhi kifo humuumbua, na msemo huo nimewaambia wateja wangu mara nyingi nikiwakatia kitambaa. Mimi sikujiona nimeficha. Niliona maumivu ni sehemu ya kulipa, na yalikuwa na faida moja: yalikuwa kitu ninachohisi.

Sasa niseme kuhusu Kisegi. Nilianza kupeleka leso na madera soko la Kisegi kila siku ya soko, na kwa watu nilisema biashara Migori imelala. Haikulala. Kisegi si mbali na Sindo, na mwanangu huenda soko hilo kununua mahindi. Siku ya kwanza aliniona kabla sijamwona. Alisimama mbele ya turubai langu, kitambaa kimefungwa kichwani, kikapu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Leso pesa ngapi?"

Nikamtajia bei. Akachagua moja, nikamkunjia, akalipa, akaenda. Kila siku ya soko ikawa hivyo. Hakuna aliyesema neno la dini wala la nyumbani. Alinunua leso nyingi kuliko anazoweza kuvaa mwanamke mmoja, na mimi sikumpunguzia bei hata mara moja, kwa sababu kumpunguzia kungekuwa kusema kitu.

Siku ya mia na arobaini ya kulipa iliniangukia siku ya soko. Maumivu yalianza baada ya futari ya jana yake na safari hii hayakuondoka. Nilikwenda hivyo hivyo. Kufika saa saba za mchana nilikuwa natetemeka juani, na meno yanagongana. Nilitapika nyuma ya turubai, nikafuta mdomo, nikajikumbusha kwamba kutapika bila kukusudia hakuvunji saumu. Kisha nikaketi chini, na kilichofuata nilikisikia zaidi kuliko nilivyokiona. Mwanamke wa jirani alipiga yowe. Mtu alitaka kuninywesha maji, nikakaza midomo. Halafu sauti ya mwanangu ikasema, "Msimpe maji, amefunga. Mleteni garini." Sikujua alijuaje. Nadhani alijua kwa jinsi nilivyokaza midomo.

Gari lilikuwa la mwalimu mwenza wa mumewe, na lilitupeleka hadi hospitali moja Homa Bay mjini. Huko nilipakwa mafuta baridi tumboni, wakapitisha kile chombo cha picha, na daktari akaja na karatasi. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imemshuka puani, na alichora mfuko mdogo kama peasi, ndani yake akatia nukta nukta.

"Mama, hii si ulcers," alisema. "Ini yako inatengeneza nyongo. Nyongo inangojea kwa hii mfuko. Ukikula mafuta, mfuko inajikamua, nyongo inatoka, inasaidia kusaga. Sasa wewe una mawe ndani. Moja imeziba hapa kwa shingo, na mfuko imevimba. Iko na infection."

"Mawe yametoka wapi?"

"Tuulizane," alisema, akavuta kiti. "Uko na miaka ngapi? Hedhi imeisha?"

Nikamjibu. Akauliza uzani wangu wa zamani na wa sasa, sukari, presha, mafuta ya damu. Akauliza kama nimetumia dawa za homoni kwa ajili ya lile joto. Sikutumia. Akauliza nakula nini na saa ngapi, na hapo ndipo nilipoyasema yale ya futari. Aliandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Sawa. Mwili wa mama akifika umri yako inabadilika. Mafuta inahamia tumbo, sukari inaanza kusumbua, na nyongo yenyewe inakuwa nzito. Hiyo tu inatosha kuleta mawe. Halafu wewe ukapunguza mwili mbio mbio. Mwili ikichoma mafuta yake haraka, hayo mafuta inapitia kwa nyongo. Na ukikaa siku mzima hujakula, mfuko haijikamui. Nyongo inakaa tu, inaganda. Halafu jioni unamwaga mafuta yote mara moja, mfuko inajikaza na jiwe iko mlangoni. Kupunguza mwili ni vizuri, mama, lakini ni pole pole. Umezaa mara ngapi?"

"Mara moja," nikasema. Mwanangu alikuwa amesimama ukutani, mkoba wangu mikononi.

"Mimba ngapi? Kila mimba inabadilisha nyongo, hata ile haikubaki na mtoto."

Msomaji ataniwia radhi, kwa sababu nawe nimekunyima jambo hili hadi sasa, kama nilivyomnyima kila mtu. Daktari alingoja. Alikuwa na wagonjwa wengine na bado akangoja.

"Tatu," nikasema.

Kabla ya binti yangu kulikuwa na wavulana wawili. Wa kwanza alizaliwa miezi saba, kimya. Wa pili aliishi siku tatu. Hakufika siku ya saba, kwa hiyo hakupewa jina. Wanaume waliwachukua wakawazika, na sisi wanawake wa kwetu hatuendi makaburini. Wakunga na shangazi waliniambia nisilie, kwa kuwa watoto wachanga huwatangulia wazazi wao peponi na kuwashika mkono mlangoni, na machozi yangu yatawalowanisha. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, mtiifu. Sikulia. Binti yangu alipozaliwa mzima, kila mtu alikubaliana kwamba hesabu inaanzia hapo, na mimi nikakubali. Sikumwambia kamwe. Alisikia siku ile, mbele ya mchoro wa mfuko wa nyongo. Alibadilisha mkoba mkono.

Daktari alieleza kitakachofuata. Dawa ya kuua wadudu kwa sindano ya mshipa, maji ya mshipa, na baada ya siku mbili, homa ikishuka, wataniondolea mfuko wote. Nisile wala nisinywe chochote mpaka aseme.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo yule muuguzi, nadhani, bado huwasimulia wenzake. Nilisikia nisile wala nisinywe, nikasema moyoni, basi saumu ya leo bado ipo. Siku ya mia na arobaini. Muuguzi alipokuja na chupa ya maji na sindano, nikaficha mkono chini ya shuka.

"Mpaka magharibi," nikasema.

"Mama, hii ni drip. Si chakula."

"Ina sukari?"

Akasoma kwenye chupa. "Iko nayo."

"Basi ni chakula. Sindano ya dawa nipe. Chupa ingoje jua lizame."

"Mama, uko na joto ya thelathini na tisa! Hujakunywa maji tangu jana. Figo itakataa." Alimgeukia mwanangu. "Ongea na yeye. Mimi sitaki mtu anikufie hapa kwa shift yangu."

Muuguzi akatoka kumwita daktari. Mwanangu akaja akaketi ukingoni mwa kitanda. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aondoke nyumbani kuketi karibu nami kiasi cha kuniwezesha kusikia harufu ya sabuni yake.

"Mama, dini yenu si inamruhusu mgonjwa kula?"

Yenu. Nilisikia neno hilo likipita mahali fulani mbali.

"Inamruhusu. Kisha analipa akipona."

"Basi kula, utalipa ukipona."

"Na nisipopona?" nilisema. Sikupaza sauti, sikuwa na nguvu, na wala sikuwa na hasira. Nilikuwa nikimsomea hesabu tu. "Nimebakiza siku mia na kumi na nne, na ya leo imo humo. Bibi yako alikufa na arobaini na moja, nikamfungia. Mimi nikifa leo, nani atanifungia? Wewe?"

Alitazama sakafu, na nilijua nimempiga mahali nilipokuwa nikipalenga miaka mitatu. Sikuhisi raha. Sikuhisi kitu. Hilo ndilo lililoniogopesha kidogo, kwamba naweza kumwona mwanangu akimeza mate ya uchungu na nisipate chochote ndani yangu cha kumpa.

Kisha akauliza, taratibu, "Hizo mia na kumi na nne ni za nini?"

"Za nini vipi?"

"Ulikuwa ukinifundisha. Kila siku ina sababu. Hedhi, mimba, kunyonyesha. Hizo zilizobaki ni zipi?"

Nilimwambia, kwa kuwa zilikuwa kichwani. Nilianza kulipa za hedhi kwa sababu zilikuwa nyingi na nyepesi, hazikunikumbusha mtu. Zimebaki nane. Kisha ziko hamsini na nane zake yeye: Ramadhani nzima nilipokuwa na mimba yake, na iliyofuata nilipokuwa nikimnyonyesha. Mwaka huo wa pili nilijaribu kufunga siku mbili, maziwa yakakauka, akalia mchana kutwa, nikaacha.

"Na arobaini na nane?"

"Za kabla yako."

Nje kwenye ukumbi mtu alikuwa akisukuma kitoroli chenye gurudumu bovu.

"Hamsini na nane ni zangu," alisema. "Ulikula kwa ajili yangu. Ulikula ili mimi nile. Siwezi kukufungia, najua, na hata nikifunga haihesabiwi. Lakini asiyeweza kufunga si hutoa kibaba? Kibaba cha chakula kwa maskini kila siku moja. Mkono wa kupima ninao. Nipe hizo zangu, mama. Toa mkono wako hapo chini ya shuka."

Daktari alikuwa ameshafika mlangoni, muuguzi nyuma yake na chupa. Ningependa kusema kwamba moyo wangu uliyeyuka. Haukuyeyuka. Nilichofikiri ni kwamba hoja yake ina mashiko, na kwamba amesoma madrasa vizuri kuliko nilivyodhani, na kwamba nimechoka. Nikautoa mkono. Muuguzi alipata mshipa mara ya tatu. Maji yaliingia baridi hadi kwenye kiwiko, na saumu ya siku ya mia na arobaini ikafa hapo, saa tisa na dakika chache, huku mwanangu akinishika vidole.

Waliniondolea mfuko wa nyongo siku ya tatu. Mawe walinionyesha kwenye kichupa: kumi na moja, rangi ya manjano iliyochujuka, mengine madogo kama punje za mtama. Muuguzi alitaka nipeleke nyumbani. Nikamwambia atupe.

Nilipiga simu kwa ustadhi wetu Migori. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema daktari akinikataza kufunga kwa kudumu, fidia inatosha, na aliyetoa chakula kwa idhini yangu ni kama nimekitoa mwenyewe. "Nia iwe yako," alisema. "Mkono uwe wowote." Daktari alikuwa ameshanikataza. Nilitakiwa kula kidogo kidogo, mara nyingi, kupima sukari, kutembea, na kupungua polepole kama watu wenye akili.

Sikuwa na uwezo wa kunyanyua robota, kwa hiyo nilipelekwa Sindo. Mkwe wangu alinipisha chumba chenye dirisha la ziwani, akaniita mama, na hakusema neno juu ya Mungu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na nikakosa pa kuanzia. Jumamosi walikwenda kanisani wakaniacha na uji. Ijumaa mimi niliswali chumbani, na binti yangu alikuwa amezima redio kabla sijatandika mswala.

Kila jioni alipima kibaba. Hakuwa na kibaba chenyewe, akatafuta kopo la bati, akaniuliza ukubwa, nikamwonyesha kwa viganja. Alijaza mchele, siku nyingine unga wa mahindi, akafunga kwenye mfuko, akampelekea mzee wa Kiislamu anayeshona viatu kando ya barabara, ambaye hana mke wala shamba. Ijumaa alipima makopo mawili kabla jua halijatua, kwa sababu Sabato yao ikiingia hapimi wala hapiki. Nilimtazama nikiwa kitandani. Msabato anawahi Sabato yake ili kulipa Ramadhani yangu. Nilijua kwamba ni jambo la kumfanya mtu alie au acheke, na nilingoja lipi litakuja. Hakuna lililokuja. Nikala ndizi yangu ya saa kumi, kama nilivyoagizwa.

Kidonda kilifunga. Nikaanza kutembea hadi sokoni, kisha hadi ufukweni wanakoanika omena. Niliulizia gari la kunirudisha Migori. Nane za hedhi nilikuwa nimeshatoa mwenyewe, na zile arobaini na nane nilipanga kuzitoa nyumbani, peke yangu, nikimaliza nimemaliza.

Jioni ya siku ya hamsini na tisa nilikuwa nimekaa jikoni nikichambua mchicha. Aliingia, akachukua kopo, akafungua gunia la mchele.

"Zako zimetimia jana," nikamwambia.

"Najua."

"Basi huo ni wa nini?"

Alisawazisha mchele kwa kiganja, ule mwendo wa kuondoa kilima ili kipimo kiwe cha haki, kama nilivyomfundisha akiwa na miaka sita.

"Hizi ni za kaka zangu," alisema. "Wao hawana mikono."

Mchicha ulikuwa mapajani mwangu. Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyewaita kitu. Mkunga alisema "kile kilichotangulia," mume wangu alisema "yale mambo," na mimi sikusema. Sasa walikuwa kaka za mtu.

Alifunga mfuko fundo, lakini hakuondoka. Akachuchumaa mbele yangu, akanishika magoti. "Mama," aliniuliza, "walifanana na nani?"

Nilifungua mdomo nimwambie mchele utachelewa. Badala yake nilisikia sauti ikitoka, mbovu, ya mwanamke wa miaka ishirini na mitano.

"Wa kwanza sikuonyeshwa," nikasema. "Wa pili alikuwa na nywele nyingi. Nyingi kuliko zako. Zilikuwa zimelowa, nikawa nazikausha kwa pembe ya leso, siku zote tatu nilikuwa nazikausha." Na hapo nikalia, kwa sauti, mchicha ukamwagika wote chini, na mwanangu hakuniambia ninyamaze.